Ubaguzi wa kikabila na wa rangi sokoni: Jinsi unavyopimwa, kutoka Kitale hadi Bungoma

WANUNUZI wawili wanafika penye kibanda kimoja cha mahindi mjini Kitale, asubuhi ile ile, kila mmoja akitaka gorogoro mbili. Wa kwanza anamwamkua mwenye kibanda kwa Lubukusu. Wa pili anamsalimu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mbali. Wote wawili wanatajiwa bei moja. Hata hivyo, mkebe wa yule wa kwanza unajazwa hadi mahindi yanafanya kichuguu juu ya ukingo, ilhali wa pili unasawazishwa kwa kiganja cha mkono. Je, huyu wa pili amebaguliwa?

Swali hilo huonekana jepesi hadi mtu anapotakiwa kulijibu kwa ushahidi. Huenda muuzaji alimpendelea mtu wa kabila lake. Huenda pia alimwongezea mteja wake wa kila wiki, ambaye hamkimbii hata msimu wa ukame. Au huenda yule wa kwanza alijua bei ya kibanda jirani na akaitaja kabla ya mkebe kutiwa guniani. Katika hali zote tatu kilichoonekana ni kichuguu kile kile cha mahindi, lakini ni katika hali moja tu ndipo neno ubaguzi linapostahili. Kupima ubaguzi katika soko la bidhaa na huduma ni kazi ya kuzitenganisha hali hizo.

Kazi hiyo ina uzito wa pekee katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Trans Nzoia ilikuwa na wakazi 990,341 nayo Bungoma 1,670,570. Bungoma wengi ni Waluhya wa jamii ya Bukusu, pamoja na Wasabaoti wa Mlima Elgon na Wateso. Trans Nzoia ni mchanganyiko mkubwa zaidi, kwani mashamba ya walowezi yalipogawanywa na kuuzwa baada ya uhuru, wanunuzi walitoka pande nyingi za nchi. Jamii hizo hununua na kuuziana kila siku. Vilevile zimewahi kupigana: katika mapigano ya mwaka 1991 na 1992 yaliyofika Endebess na Saboti, katika umwagaji damu wa Mlima Elgon kati ya mwaka 2006 na 2008, na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha kote nchini, na maduka na maghala kuteketezwa.

Mahali penye historia kama hiyo, tetesi kwamba kabila fulani hupunja wengine sokoni si porojo za kupitisha wakati. Mnunuzi aliyepunjwa kweli hana namna ya kuthibitisha, naye muuzaji asiye na hatia hana namna ya kujitetea. Wote wawili wanahitaji kipimo.

Enzi ya bei mbili

Ulikuwapo wakati ambapo ubaguzi katika biashara ya eneo hili haukuhitaji mtaalamu wa kuupima, kwa kuwa uliandikwa waziwazi katika kanuni za serikali. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ardhi ya nyanda za juu iliyotengewa walowezi wa Kizungu, utengaji uliotiwa muhuri na Amri ya mwaka 1939. Bungoma ilikuwa upande wa pili wa mpaka, ndani ya hifadhi ya Waafrika katika wilaya iliyoitwa North Kavirondo. Mwaka 1926 tawi la reli lilifika Kitale, na mahindi ya walowezi yakapata njia ya kufika bandarini.

Mwaka 1935 ilipitishwa sheria ya kudhibiti kwa leseni biashara ya mazao ya Waafrika. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, mwaka 1942, serikali ya kikoloni ilianzisha mamlaka ya kudhibiti mahindi. Chama cha Wakulima wa Kenya, KFA, kilichoundwa na walowezi mwaka 1923, kikawa wakala wake. Mkulima wa Kizungu alilipwa bei ya juu kuliko Mwafrika kwa gunia la mahindi yale yale. Zaidi ya hayo, alihakikishiwa malipo fulani kwa kila ekari aliyolima, hata mavuno yakimharibikia. Mkulima wa Bungoma hakuwa na dhamana hiyo.

Waliotetea bei mbili hawakusema kwamba wanabagua. Walidai kuwa mahindi ya Mwafrika yalikusanywa kidogo kidogo na wachuuzi, kwamba magunia na usafiri vilikuwa na gharama, kwamba nafaka hiyo ilikuwa na unyevu, na kwamba sehemu ya pesa ilikatwa ili ikaendeleze maeneo ya Waafrika wenyewe.

Hoja hiyo inafaa kutazamwa kwa makini, maana ndiyo mama wa hoja zote zinazotolewa hadi leo mtu anapoulizwa kwa nini bei zinatofautiana. Mpimaji wa kwanza angeanza kwa kutoa gharama: kama gunia kutoka kijijini ligharimu zaidi kulifikisha ghalani kuliko gunia kutoka shamba lililo karibu na reli, basi tofauti hiyo iondolewe, na kinachobaki ndicho ubaguzi. Lakini ni gharama zipi zinazostahili kuondolewa? Makato yale ya maendeleo yalitozwa Waafrika peke yao. Kuyaita gharama ni kuuhesabu ubaguzi kana kwamba ni usafiri. Na ikiwa shamba la mlowezi lilikuwa karibu na reli kwa sababu reli ilielekezwa shambani kwake, hata usafiri wenyewe hauwezi kuachwa nje ya hesabu kwa moyo mweupe. Anayetoa kila sababu moja baada ya nyingine hatimaye atabaki na sifuri, kisha atangaze kwamba hapakuwa na ubaguzi wowote.

Ubaguzi wa enzi hiyo haukuishia kwenye bei. Sheria za mwaka 1903 na 1948 zilidhibiti mkopo ambao mfanyabiashara angeweza kumpa Mwafrika na kuudai mahakamani. Zilielezwa kuwa kinga dhidi ya madeni, lakini kwa mwenye duka dogo wa Kimilili aliyetaka kujaza rafu zake, zilikuwa mlango uliofungwa. Mtu anayelinganisha bei za rejareja pekee hangeuona mlango huo kamwe.

Baada ya uhuru mshale uligeuzwa. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwawekea mipaka wasio raia kuhusu mahali pa kufanyia biashara na bidhaa za kuuza. Kwa maneno ilihusu uraia, bali kwa vitendo iliwaangukia zaidi Wahindi waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Maelfu waliondoka, nayo Uingereza ikaharakisha sheria ya kuwazuia mnamo Machi 1968. Hapa pana funzo la pili kwa mpimaji: kanuni isiyotaja rangi wala kabila inaweza kuangukia kundi moja kuliko mengine yote, na katika hali hiyo swali la nia ya mtungaji sheria halitoshi. Ni lazima matokeo yahesabiwe.

Biashara ya mahindi ilibaki mikononi mwa dola, na kuanzia mwaka 1979 ilisimamiwa na Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, hadi ilipofunguliwa kikamilifu mwishoni mwa mwaka 1993. Tangu hapo bei sokoni ni mapatano ya watu wawili. Ubaguzi, pale ulipo, umehama kutoka gazeti rasmi la serikali na kuingia mkononi mwa mshika mkebe.

Chuki, kukisia na kujuana

Wanauchumi hutenganisha aina za ubaguzi kulingana na chanzo chake. Mmarekani Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza ule wa chuki: muuzaji asiyependa kundi fulani huwa tayari kupoteza faida ili asishughulike nalo. Becker aliona kwamba ushindani ungemwadhibu mtu huyo, kwani jirani asiye na chuki angewachukua wateja aliowafukuza.

Aina ya pili, iliyofafanuliwa na Edmund Phelps mwaka 1972 na Kenneth Arrow katika miaka hiyo hiyo, ni ya kukisia. Muuzaji hana kinyongo na mtu, ila hajui mteja aliye mbele yake anaweza kulipa kiasi gani, hivyo anamsoma kwa sura, jina na lafudhi. "Bei ya mzungu" ndiyo mfano unaojulikana zaidi katika masoko ya Kenya. Mgeni hutajiwa bei ya juu kwa kuwa anadhaniwa kuwa na pesa na kutojua bei halisi. Muuzaji ataapa kwamba hana ubaguzi, na kwa maana moja atakuwa anasema kweli. Kwa mnunuzi, shilingi zilizozidi ni zile zile.

Aina ya tatu haipewi nafasi ya kutosha vitabuni, na pengine ndiyo inayotawala Chwele, Kimilili na Kiminini: kujuana. Mtu hamchukii mgeni, ila anampenda wake. Mpwa akiongezewa konzi ya maharagwe, hakuna mahakama itakayouita huo ubaguzi. Lakini iwapo wauzaji wote wa upande mmoja wa soko ni wa ukoo mmoja, na kila mmoja anawaongezea wapwa, basi asiye na mjomba pale atalipa zaidi kila siku ya Mungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Sokoni mwenyeji hupona kwa gharama ya mgeni.

Je, ushindani haulitibu hilo, kama Becker alivyotarajia? Utafiti wa Lauren Bergquist na Michael Dinerstein, uliochapishwa mwaka 2020, ulifanywa katika masoko ya wazi ya mahindi magharibi mwa Kenya. Wafanyabiashara walipunguziwa gharama kwa makusudi ili ionekane kiasi gani kingemfikia mlaji. Katika kila shilingi moja waliyopunguziwa, bei ilishuka kwa takriban senti 22 tu. Watafiti hao walihitimisha kwamba wachuuzi walitenda karibu kama watu waliokubaliana bei. Utafiti haukuwa wa ukabila, lakini unabomoa faraja moja: kwamba wingi wa vibanda unatosha kumlinda mnunuzi.

Wanunuzi wa majaribio

Njia ambayo imepata heshima zaidi ni ya wanunuzi wa majaribio. Watu wawili wanaofanana kwa umri, mavazi na adabu, wanaotofautiana kwa rangi au kabila peke yake, hutumwa mahali pamoja kuulizia kitu kimoja kwa maneno yale yale waliyofundishwa. Kinachoandikwa si hisia zao bali bei waliyotajiwa, muda waliosubirishwa na masharti waliyopewa.

Uingereza iliitumia mapema. Ripoti iliyotolewa mwaka 1967 na taasisi ya utafiti ya PEP iliwatumia Mwingereza, mhamiaji mweupe kutoka Hungaria na mhamiaji mweusi kutoka visiwa vya Karibi, ambao waliulizia kazi, nyumba na bima ya gari. Uwepo wa yule wa Hungaria ulikuwa jambo la busara, kwani ulitenganisha ugeni na rangi. Weusi walikumbana na vizuizi ambavyo mgeni mweupe hakukumbana navyo. Mwaka uliofuata bunge la nchi hiyo lilipanua sheria dhidi ya ubaguzi ikahusisha ajira, makazi na huduma. Ndio mwaka ule ule lilipowafungia mlango Wahindi wa Kenya.

Nchini Marekani, Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha mwaka 1995 matokeo ya majaribio zaidi ya 300 katika maduka ya magari mapya eneo la Chicago. Wanaume weusi waliishia kutajiwa bei iliyozidi ya wanaume weupe kwa takriban dola 1,100, ingawa wote walifuata mtindo mmoja wa kupatana. Wauzaji hawakuwafukuza, waliwakaribisha, wakawatabasamia, kisha wakawatoza zaidi.

Biashara ilipohamia mtandaoni, mtu alibadilishwa na jina au picha. Mwaka 2013 Jennifer Doleac na Luke Stein walieleza jinsi walivyoweka matangazo ya kuuza kifaa cha muziki kilichoshikwa mkononi. Pale mkono ulipokuwa mweusi, waliojibu tangazo walipungua kwa asilimia 13. Mwaka 2017 utafiti mwingine kuhusu malazi ya Airbnb katika miji mitano ya Marekani ulionyesha kwamba wageni wenye majina yaliyohusishwa na Wamarekani weusi walikuwa na uwezekano mdogo wa kukubaliwa, kwa asilimia 16.

Njia hii ina kasoro zake. Mnunuzi wa majaribio akijua anachotafuta, anaweza kukitafuta kwa uso wake bila ya kukusudia. Watu wawili hawafanani kamwe kwa kila jambo. Na rangi huonekana kwa mbali, ilhali kabila halionekani. Watafiti waliofanya kazi katika mitaa ya Kampala, na ambao kitabu chao kilitoka mwaka 2009, walibaini kwamba watu hukosea mara nyingi wanapobahatisha kabila la mtu kwa kumtazama. Huko Kitale, kijana mwenye jina la Wafula atatambuliwa mara moja, na Kiprotich atajulikana kuwa Mkalenjin, lakini si lazima ijulikane kama ni Msabaoti au Mnandi. Anayejitambulisha kwa jina la ubatizo pekee hatajulikana kabisa hadi afungue kinywa. Kwa hiyo jaribio la eneo hili halina budi kutegemea lugha ya salamu na lafudhi, na kabla ya lolote lipime iwapo wauzaji huzitambua ishara hizo.

Yaliyobainika nchini Kenya

Majibu ya Kenya hayaendi upande mmoja. Jonas Hjort, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alifuatilia wafanyakazi 924 wa shamba la maua kwa kutumia kumbukumbu za mwaka 2007 na 2008. Aliyewagawia wenzake maua ya kupanga aliwapa machache wale wasio wa kabila lake, hata pale alipojipunguzia mshahara kwa kufanya hivyo. Ghasia za mapema mwaka 2008 zilipozuka, tofauti hiyo iliongezeka kwa kiasi kikubwa. Hiyo ndiyo chuki ya Becker kwa sura yake halisi, tena ikiwa na bei.

Kwa upande mwingine, kundi la watafiti wakiwemo Edward Miguel na Daniel Posner liliwashirikisha zaidi ya watu 1,300 jijini Nairobi katika michezo ya kugawana pesa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Walitarajia kuona upendeleo wa kikabila. Karibu katika vipimo vyote hawakuuona. Ni tokeo linalostahili heshima kwa sababu wengi hawakulitaka, na linamwonya mwandishi yeyote anayeanza kwa kudhani kwamba Mkenya humpunja mwenzake popote anapopata nafasi.

Ushahidi ulio karibu zaidi na mfuko wa mlaji unatoka katika mtaa wa Kibera. Benjamin Marx, Thomas Stoker na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2019 kwamba mpangaji hulipa kodi iliyozidi kwa kati ya asilimia 6 na 11 pale mwenye nyumba na chifu wa eneo wanapokuwa wa kabila moja, na hukaa katika nyumba duni zaidi, ubora ambao ulipimwa kwa picha za setilaiti zilizoonyesha mabati ya paa. Mpangaji anapokuwa wa kabila la chifu, kodi huwa nafuu. Uzito wa utafiti huo ni kwamba kabila la mwenye nyumba na la mpangaji halikutosha kueleza kodi. Kilichokuwa na nguvu ni nani kati yao ana mtu wa kumlilia mambo yakiharibika.

Suala la mamlaka linajitokeza pia katika wilaya za zamani za Busia na Teso, jirani wa Bungoma. Miguel na Mary Kay Gugerty waliripoti mwaka 2005 kwamba shule za msingi katika maeneo yenye mchanganyiko wa makabila zilichangiwa kidogo zaidi na wazazi. Miguel alipolinganisha Busia na wilaya ya Meatu nchini Tanzania, mwaka 2004, hakuukuta udhaifu huo Meatu, naye alihusisha tofauti hiyo na siasa za kujenga taifa.

Gorogoro si kilo

Anayetaka kupima masoko ya Kitale na Bungoma lazima aanze na mkebe. Gorogoro ni kopo la ujazo, ambalo kwa kawaida huchukua kilo mbili na ushei za mahindi. Mbili zenye bei moja zinaweza kutofautiana kwa uzito kutokana na kichuguu, kubonyea kwa mkebe au namna ulivyotikiswa wakati wa kujazwa. Chukulia kwamba bei ni Sh120. Mnunuzi aliyepata kilo 2.25 amelipa takriban Sh53 kwa kilo. Aliyepata kilo 2 kamili amelipa Sh60. Wa pili ametozwa zaidi kwa nusu ya robo, yaani takriban asilimia 12, na daftari la mtafiti aliyeandika bei pekee litaonyesha usawa mtupu.

Viazi na mboga ni vigumu zaidi, kwa kuwa hupangwa mafungu. Ubaguzi unaweza kuwa katika kiazi kilichooza kilichofichwa chini. Katika mitumba hakuna nguo mbili zinazofanana, hivyo jaribio halina budi kutumia nguo ile ile kwa wanunuzi tofauti. Kwa fundi wa nguo au wa pikipiki, kinachobaguliwa ni siku: kazi ya mmoja hukamilika leo, ya mwingine huambiwa arudi kesho. Maduka makubwa yenye bei iliyobandikwa huondoa mapatano, na ndiyo sababu baadhi ya wateja huyapendelea hata yanapokuwa ghali kidogo. Huko kinachobaki kupimwa ni namna mlinzi wa mlangoni anavyokagua mifuko ya nani na kumwacha nani.

Kisha kuna mkopo. Mama mboga akimkopesha mteja hadi mwisho wa mwezi, amempa kitu chenye thamani kuliko nyongeza yoyote. Hapo kisia hugeuka karibu kuwa busara, kwani deni la mtu ambaye nyumbani kwao hakujulikani ni gumu kudai. Hata hivyo, asiyekopeshwa ndiye anayelala njaa tarehe 25. Mikopo ya simu, iliyoenea baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, haiulizi kabila, lakini programu inayosoma orodha ya majina yaliyo katika simu inaweza kulijua bila ya kuuliza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeiweka asili ya kikabila miongoni mwa taarifa nyeti.

Sheria inavyosema

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake, na kifungu cha 46 kinampa mlaji haki za bidhaa bora, maelezo na fidia. Sheria ya Kumlinda Mlaji ilifuata mwaka 2012. Kabla ya hapo, Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilikuwa imeunda tume ya NCIC na kufafanua ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, dini na asili.

Ila katika utekelezaji, kinachohesabiwa ni ajira. Sheria hiyo ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Hesabu hizo hufanywa kwa orodha za mishahara. Sokoni hakuna orodha ya kukagua.

Upungufu huo ulionekana Machi 2015, gazeti lilipofichua kwamba mkahawa mmoja wa Kichina mtaani Kilimani, Nairobi, uliwakataza Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni. Umma ulighadhabika, mkahawa ukafungwa na msimamizi wake akafikishwa mahakamani. Shtaka lilihusu leseni.

Majira na kura

Mjini Accra, Kristin Michelitch alifanya jaribio ambalo lingeweza kuhamishwa moja kwa moja hadi stendi za bodaboda za Bungoma, usafiri ambao jina lake lilizaliwa mpakani Busia. Abiria walipatana nauli na madereva wa teksi, karibu na uchaguzi wa Ghana wa mwaka 2008 na pia mbali nao. Madereva waliwakubalia nauli ndogo watu wa kabila lao wakati wote. Uchaguzi ulipokaribia, ukabila haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kuwatoza zaidi waliojulikana kuwa wa chama pinzani.

Jaribio kama hilo likifanywa katika masoko ya mahindi ya Trans Nzoia na Bungoma lina mtego wake. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kwa kawaida katikati ya mwaka ndipo maghala huwa yamekauka na bei kuwa juu. Mahindi mapya ya Bungoma huanza kuingia sokoni karibu na Agosti na Septemba, na ya Trans Nzoia kuanzia Oktoba. Mtafiti atakayelinganisha Julai ya kampeni na Novemba ya baada ya kura ataona bei ikishuka, vichuguu vikirudi juu ya mikebe na wauzaji wakiwa wakarimu kwa kila mtu, naye ataandika kwamba siasa zimepoa. Mavuno ndiyo yatakuwa yamefika. Hana budi kupima Julai ya mwaka wa kura na Julai ya mwaka usio wa kura, katika vibanda vile vile, akiwa na mizani.